Mama Alivyokwenda Fainali Roma

Budrio, mwanzoni mwa Juni

Kaka yangu mpendwa Learco,

Salamu za hapa nyumbani zikufikie huko Adelaide, ambako najua mmeanza kuvaa masweta wakati sisi tunayavua. Mimi na mume wangu Oriano hatujambo, mama hajambo, na nyanya za uani zimeanza kushika. Hofu yetu iko kwako. Je, mashine ya kusafisha damu bado inakuchosha kama ulivyoniambia wakati wa Pasaka? Chakula kisicho na chumvi anachokupikia mkeo Noreen unakila, au unamwibia kopo la chumvi akigeuka? Nijibu kwa ukweli, kaka. Usiniletee ule utani wako wa kusema figo zimekwenda likizo.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi na hali tunapigiana simu kila Jumapili. Ni amri ya mama. Anasema jambo hili likisemwa kwenye simu utalikatiza kabla halijafika mwisho, kisha utaanza kuuliza hali ya hewa. Barua, anasema, hata ukikasirika itakusubiri hapo mezani mpaka utulie. Basi keti, uisome taratibu.

Matokeo unayajua. Ulinipigia siku ya pili yake ukilia, ukisema Bologna tumechukua Kombe la Italia, tumewafunga Milan, baada ya miaka hamsini na moja. Ukauliza mama alifurahi? Nikakujibu alifurahi sana. Ambacho sikukuambia ni kwamba mama hakuwa nyumbani. Alikuwa Roma, uwanjani, jukwaa la juu, na skafu ya marehemu baba shingoni.

Ilianza Jumapili moja baada ya nusu fainali. Tulikuwa tunakula, Oriano anasifia mchuzi, mama akaweka uma chini na kusema anakwenda Roma. Oriano akacheka, akamuuliza anakwenda kuhiji au kutazama mpira. Mama akamwambia kuhiji kuna wakati wake, mpira haumngojei mtu. Mimi sikucheka. Unakumbuka majira ya baridi alianguka kwenye ngazi akavunjika kifundo cha mkono. Nilimwambia ngazi za uwanja si ngazi za kanisani, na umri wake haumruhusu kusukumwa na vijana wenye ngoma. Oriano akaahidi kumnunulia televisheni kubwa kuliko kabati.

Mama akasubiri tumalize. Kisha akasema, na hapa nanukuu: “Mwaka ule wa kombe baba yenu alikwenda Roma, mimi nikabaki kitandani namnyonyesha Learco. Akarudi sauti imemkauka, hata kunihadithia mpira akashindwa. Nikajisemea, ipo siku nami nitakwenda. Sasa nyinyi mnaniambia habari za televisheni?”

Oriano akarudi kwenye mchuzi wake. Nilidhani yamekwisha. Kesho yake asubuhi nikamkuta mlangoni amefunga viatu, koti mwilini. Nikamuuliza aendako. Akasema anakwenda kujiandaa, maana hata wachezaji hawaingii fainali bila mazoezi. Nilitoka naye kwa sababu sikuweza kumwacha. Tukazunguka uwanja wa soko, kesho yake tukazunguka tena, na keshokutwa akataka tufike hadi stesheni. Watu wa Budrio wakamzoea. Ferruccio, yule mwenyekiti wa tawi letu la mashabiki, akawa anamkaribisha kila tukipita mbele ya baa yake, akimuuliza kama kocha ameshampanga namba ngapi. Mama akamjibu atacheza mbele, kwa kuwa wazee wenzake wote wamejaa nyuma.

Wiki moja kabla ya fainali akanitaka nimpeleke San Luca, kanisa la kule juu kilimani. Nikadhani kwa gari. Akasema kwa miguu, tangu chini langoni, ngazi zote, mpaka kwa Bikira. Kaka, mimi mwenyewe nilihema. Yeye alinishika mkono wa kushoto kwa nguvu, hakuuachia hata pale palipo tambarare, na kila ngazi aliigusa kwa ncha ya kiatu kabla ya kuikanyaga. Nilifurahi moyoni. Nikajiambia uzee umemlainisha, sasa anapenda kushikana mikono na binti yake. Tulipofika juu hakutazama mandhari. Alikaa kwenye benchi, akafuta jasho, akasema, “Haya, sasa nani ana la kusema?” Oriano alipopata habari hizo, alikwenda mwenyewe kwa Ferruccio kutuombea tiketi.

Siku yenyewe tuliondoka asubuhi kwa basi la tawi. Nyimbo zilianza kabla hatujatoka Budrio, na mikate yenye nyama ya mortadela ikaisha kabla hatujavuka milima. Mama aliketi karibu na dereva akiimba na wenzake, na nyimbo za siku hizi, zenye matusi, alizijua kuliko mimi. Sikuthubutu kumuuliza kajifunzia wapi.

Tulipoukaribia mji wa Orte, Roma ikiwa si mbali tena, basi likatoa mlio kama mtu anayekohoa, moshi ukatoka nyuma, na dereva akalikokota hadi kwenye kituo cha mafuta. Likazima moja kwa moja. Dereva alipiga simu, akaambiwa basi lingine linakuja. Tukangoja. Jua likaanza kuteremka, basi halikuja. Mabasi yetu mengine yaliyopita yalijaa. Yakawa yanachukua wawili hapa, mmoja pale, wanaokubali kusimama. Ferruccio alikuwa mwekundu usoni, anapigia simu kila mtu anayemjua. Mimi nikaanza kumwandaa mama kwa maneno mazuri, kwamba kufika hapa tu ni ushindi, na kwamba baa ya kituo ina televisheni.

Mama akasimama. Akaniambia yeye hakupanda San Luca ili akatazame mpira kwenye kituo cha mafuta. Akanyoosha koti, akaenda moja kwa moja kwenye basi kubwa lililokuwa linaunguruma upande wa pili. Nikamkimbilia. Kaka, basi lile lilikuwa la Milan! Bendera nyekundu na nyeusi kila dirisha. Mlangoni alisimama mtu mnene, baadaye tulijua anaitwa Gildo, wa Lodi.

“Bibi,” akasema, akiitazama skafu ya mama, “umepotea. Hili ni basi la washindi.”

Mama akaigeuzia uso sauti ile. Kisha akasema, “Basi nimefika penyewe, mwanangu. Nafasi ziko?”

Waliokuwa ndani wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kelele kwamba watu wa Bologna waende na punda. Mama akamjibu palepale, “Punda ndiye aliyetuharibikia, ndiyo maana nimekuja kuomba ng'ombe.” Gildo akashindwa kujizuia. Akasema nafasi ziko mbili, lakini sharti skafu ivuliwe. Mama akakataa. Akamwambia skafu ile ni ya mume wake, na mume wake hakuivua hata siku ya harusi ya binti yake, muulize huyu hapa. Gildo akaniuliza kwa macho. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli, na wewe unajua ni kweli, picha zipo. Akatusogezea njia. Ferruccio alitupungia mkono kwa mbali kama mtu anayeona jamaa zake wanachukuliwa mateka.

Sijawahi kutaniwa kama nilivyotaniwa ndani ya basi lile. Walituuliza kama Bologna kombe tunalijua umbo lake, au tutadhani ni chombo cha kuchemshia tambi zetu za tortellini. Mama akawaambia, “Nyinyi makombe mmeyajaza kabatini mpaka milango haifungi. Hili mkilipata mtaliweka wapi, chooni? Tuachieni sisi wenye kabati la buibui.” Wakampigia makofi. Mwanamke mmoja wa makamo akampa kipande cha keki, mama akala, akasema si mbaya kwa watu wanaokula wali wa manjano. Tulipofika karibu na uwanja Gildo alimshusha mama kwa kumshika mkono, akamwambia akilia baada ya mechi atamnunulia kahawa. Mama akamwambia yeye akilia atampa leso, tena safi.

Ngazi za jukwaa letu zilikuwa ndefu. Vijana walijitolea kumbeba, akawaambia wabebe ngoma zao. Akazipanda moja moja, ameushika mkono wangu wa kushoto kama kule San Luca, watu nyuma yetu wakisubiri bila kulalamika. Tulipoketi akashusha pumzi ndefu na kunitaka nimsimulie.

Nilidhani ni kelele zinamchanganya. Nikaanza kumsimulia: nani ana mpira, nani kaanguka, Milan wanashambulia kulia, kipa wetu kapangua. Kila nilipochelewa alinifinya. Kipindi cha kwanza hakuna aliyepata kitu. Wakati wa mapumziko Ferruccio akatokea, jasho tele. Alikuja amesimama kwenye basi la watu wa Imola, na alikuwa anatutafuta safu kwa safu.

Kipindi cha pili hakijakwenda mbali, mpira ukazagaa mbele ya lango lao. Mwenzetu mmoja akaangushwa, mpira ukamfikia mwingine, akampiga chenga beki, nikawa nasema, “Mama, yuko peke yake, yuko peke ya...” Sikumaliza. Jukwaa lote lilitusukuma mbele. Mimi nilipiga kelele ambazo hazikuwa maneno. Nilipomgeukia, mama alikuwa ameketi wima, kafumba macho, anatabasamu, anasikiliza.

Dakika zilizobaki sitaki kuzikumbuka. Milan walikuja kama mafuriko. Ferruccio alitazama sakafu. Mimi nilitaka kuacha kusimulia kwa woga, mama akanikatalia, akasema, “Sema hivyohivyo. Mabaya nayo niambie.” Nikasema. Nikasema mpaka sauti ikakwaruza, na kipyenga kilipolia sikuhitaji kusema. Mama akalia, kaka. Wanaume wazima waliokuwa hawatujui walikuja kumbusu kichwani.

Sasa lile alilotaka nikuandikie.

Tulilala Roma, na asubuhi yake, kabla ya kupanda gari la kurudi, tuliingia kwenye baa kunywa kahawa. Kikombe kiliwekwa mbele yake. Nikaona mkono wake unatambaa juu ya meza, unakitafuta, unakipita, unarudi. Nikamwita. Akaniambia macho yamekwisha. Katikati ya kila kitu kuna giza. Pembeni anaona vivuli tu. Ilianza zamani, ikazidi tangu kabla ya Krismasi, na ndiyo sababu ya kuanguka kwenye ngazi. Daktari amemwambia hayatarudi. Alituficha kwa sababu alijua tutamfungia ndani kwa mapenzi. Mpira wote ule hakuuona hata kidogo. Basi la Milan hakuliendea kwa ujasiri. Alisikia injini inawaka, akalifuata. Hakujua kuwa ni la Milan mpaka Gildo alipomwambia amepotea.

Nililia palepale mezani. Nikamuuliza, kama haoni, Roma tumefuata nini? Akasema alikuja kwa mambo mawili. La kwanza ni Bologna, nisifanye kana kwamba hilo ni dogo. La pili ni wewe.

Kila akikuambia anataka kuja, unamwambia angoje. Angoje upate figo, angoje unenepe, asikuone ulivyo. Amengoja. Madaktari wako hawakuruhusu kusafiri, basi wa kusafiri ni yeye. Lakini hakujua kama mwili wake utaweza: ngazi, umati, foleni, siku nzima kwenye kiti, na pale mambo yanapoharibika katikati ya njia. Alihitaji safari ya kujipima, na Bologna wakamletea fainali. Sasa amejipima. Anasema umati umeshindwa kumwangusha, basi limeharibika na bado amefika, kwa hiyo Adelaide ni Roma yenye njia ndefu zaidi.

Nilimwambia utakataa. Nilimwambia hutaki akuone umekonda, na mishipa ya mkono imevimba kwa sindano za mashine. Akatafuta mkono wangu mezani, akaupata. Akasema nikuandikie maneno haya kama alivyoyatamka, nisipunguze:

“Mwambie Learco nilichelewa kwenda, sasa macho yangu yamemrahisishia kazi. Asiwe na haya. Sitamwona alivyokonda. Nitamshika tu.”

Tiketi tumekata, kaka. Mimi ndiye nitakayemshika mkono, na Oriano atabaki na nyanya za uani. Tutafika mwezi wa tisa, huko kwenu maua yakianza. Hatukuulizi ruhusa, tunakupa habari tu. Mwambie Noreen aondoe zulia la ukumbini, asije akajikwaa, na atandike kitanda karibu na kile cha mashine yako, kwa sababu amesema atakaa hapo saa zote unaposafishwa damu, akuhadithie fainali. Ameihifadhi kichwani dakika kwa dakika, na anaisimulia vizuri kuliko mimi niliyeiona.

Oriano anakusalimu sana. Ferruccio anakusalimu, anasema kiti chako baani hakijakaliwa na mtu. Mbusu Noreen kwa niaba yetu sote. Jitunze, ule chakula chako bila chumvi, tukukute mlangoni.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Tosca