Askari Mwenye Kandambili

Kitendaguro,
Bukoba.
14 Juni 2025

Mpendwa dada Oliva,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na shemeji na watoto, na kwamba joto la Mtwara halijakukausha. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, miguu tu ndiyo inamsumbua asubuhi. Mimi afya ninayo. Usingizi ndio sina.

Najua utacheka kupata barua wakati simu ipo. Lakini kila nikishika simu Mama anakaa ubavuni mwangu akitaka kukusalimia, na haya siwezi kuyasema akiwa anasikiliza. Ndiyo maana nimempa Pastory, anayesafiri kuja huko, akuletee mkononi.

Unajua ukoo umekubaliana tuweke msalaba wa Taata kibanjani kule Muleba, ingawa sisi wanawe mwili wake hatukuupata. Baba mdogo Revocatus, ambaye wakati wa vita alikuwa mtoto mdogo, anataka uandikwe "Askari, alifia vitani 1979". Mimi nikapewa kazi ya kutoa nakala ya picha ya kubandika hapo. Ile ile ya sebuleni, ya koti la jeshi, uliyokuwa ukinikataza hata kuigusa.

Fundi alipoitoa kwenye fremu, sehemu ya chini iliyokuwa imefunikwa ikaonekana. Dada, Taata amevaa kandambili. Suruali nayo ni ya kitambaa, ya kwendea kanisani. Tangu nizaliwe nimemjua baba yangu kuanzia kiunoni kwenda juu tu.

Nikajipa moyo kwamba labda alikuwa likizo. Sikutulia. Nikaenda kwa Padma wa duka la vitambaa, maana baba yake, mzee Yashwant, ndiye aliyekuwa na studio ya picha mjini. Hakushangaa hata kidogo. Akanitolea picha za zamani za studio: vijana wengine wawili, koti hilo hilo, mfuko wa kushoto umeshonwa kwa uzi mweupe kama wa Taata. Lilikuwa koti la studio, likining'inia nyuma ya mlango pamoja na tai na miwani. Wakati ule kila kijana alitaka atoke kama askari.

Nilirudi nyumbani nimejaa hasira, hata sijui ya nani. Nikamwekea Mama picha mapajani bila fremu. Akaitazama, kisha akasema yeye ndiye aliyemfunga vifungo siku ile, na walicheka sana. Taata hakuwahi kwenda jeshini. Alikuwa akinunua samaki kisiwani Bumbire. Safari moja hakurudi, na habari zikamfikia Mama kwamba anaishi huko na mwanamke anayeitwa Zuena. Mwaka ule watu wengi walipotea, kwa hiyo Mama aliposema mumewe amefia vitani, hakuna aliyemchunguza.

Nikamuuliza kwa nini alitudanganya. Hakulia wala hakuomba msamaha. Alisema, "Nilimwua ili msikae mnamsubiri."

Kama yu hai, anasema hajui na hajawahi kuulizia.

Dastan, fundi wa msalaba, ananipigia simu akitaka maneno. Nimwambie nini? Tutamwekeaje msalaba mtu ambaye huenda saa hii yuko Bumbire anakula sato? Najua pia kwamba mwanao mkubwa ana jina lake, na huko shuleni anajivunia babu askari. Umwambie au usimwambie, wewe ndiye mkubwa. Mimi nimeshindwa.

Wiki ijayo nakwenda kisiwani. Mama nimemwambia naenda Kashozi kumwona shangazi Eufrazia; unaona nami nimeanza. Kama ni kunikataza, nikataze mapema, ingawa sidhani kama nitakusikia. Umri wote huu sikuwahi kumsubiri Taata, Mama alifanikiwa kabisa. Sasa boti za visiwani zikifika najikuta nimesimama mwaloni, natazama nyuso za wazee wanaoshuka, na sijui hata nitamtambuaje.

Nisalimie shemeji, na Rose na kaka zake. Abel wa jirani anakusalimu, bado anakuulizia. Mungu awalinde nyote huko, na mimi Bumbire anionyeshe mtu au kaburi. Chochote kati ya hivyo nitakipokea.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Jovina