Kidole Kwenye Gunia la Chumvi

Mama,

Leo mjukuu wako ameniuliza kwa nini kila tukiingia dukani namfungia mikono ndani ya kitenge changu, ilhali hasikii baridi. Nimemjibu ndivyo nilivyolelewa. Amecheka. Ana kicheko chako, kile cha kuanzia puani. Nimegeuka asione macho yangu, na nimejua nisipokuandikia jambo hili leo, sitaliandika tena.

Unakumbuka mwaka wa uhuru? Uvira nzima ilikuwa inapeana mikono. Ukienda kununua sabuni tu, unasalimiwa na watu ishirini, nusu yao huwajui. Na wewe, mwenye hila, ulijipaka unga wa muhogo viganjani kabla ya kutoka, ili watu uwape kifundo cha mkono kama mama aliyeitwa kutoka jikoni. "Minye siko na kiburi," ulisema, "niko na unga." Mimi niliona haya. Wenzangu wa mtaani kwetu Mulongwe walinitania kwamba mama yangu anasonga ugali njiani.

Na mahubiri yako hayakuisha: "Weye, mikono ya bantu mu duka inatembea kupita miguu. Usiguse mudomo mpaka tufike ku sabuni."

Kisha ukaja uasi. Barabara zikafungwa, na maduka nayo. Tulikula sombe ya majani ya muhogo bila chumvi miezi mingi, tukichuja majivu ya maganda ya ndizi tupate angalau kitu cha kuudanganya ulimi. Siku iliposikika kwamba duka moja limepata gunia la chumvi, ulinituma mimi, kwa sababu nilikuwa mwembamba na ningeweza kupenya. Mlangoni uliniambia neno moja tu: "Usionje."

Mama, nilionja.

Watu walikuwa wamebanana, wanakoholeana shingoni. Siku zile wauzaji wengine walichanganya chumvi na mchanga mweupe, kwa hiyo kila mnunuzi alichovya kidole guniani, akalamba, akachovya tena. Niliviona vidole vyote vile. Nilijua. Lakini mate yalinijaa mdomoni, nikachovya. Kisha nikachovya mara ya pili, na hiyo ya pili haikuwa ya kupima chochote.

Siku ya tatu nikaanza kuhara damu. Dispansari ilikuwa tupu. Ulinichemshia maji, ukanifulia nguo, ukanilaza mapajani pako. Nilipopata nguvu ya kukaa, wewe ukalala mahali pangu.

Hapo ndipo uliponiuliza, kwa sauti ndogo, unatabasamu: "Ile chumvi, ilikuwa tamu?"

Nikasema sikuionja. Ukanipapasa kichwa. Baada ya siku mbili tulikuzika haraka haraka, hata wimbo hatukuumaliza, maana risasi zilikuwa zinalia upande wa milimani.

Sasa barabara ya Bujumbura imefunguka na chumvi iko kila duka. Nimeolewa, nimezaa. Majirani wananiita Mama Sabuni na kunisifu kwa usafi, na mimi naendelea kunawa tu. Sijui kama ni kidole changu kilichokuua. Maji ya siku zile yalikuwa mabaya, wengi walikufa. Lakini uongo ule ni wangu mwenyewe, na umeniuma kuliko tumbo lile.

Kuna siku nilikukasirikia. Ulijua, kwa nini uliuliza? Ila tangu nipate mtoto nimeanza kukuelewa. Hukuwa unanikamata. Ulikuwa unataka tu kujua kama mwanao alifurahi.

Pumzika, Mama yangu. Nakuahidi mjukuu wako akinidanganya, nami nitamuuliza kwa upole, na nitamngoja hata miaka.

Jibu langu limechelewa, lipokee. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu sana, na nilipokuwa nailamba nilitamani ungekuwa pale, unigombeze, kisha na wewe uchovye.

Binti yako,
Nabintu