Nati Niliyoiokota Chini ya Benchi

Mpendwa binti yangu Upendo,

Saa hizi nadhani mnaanza kuteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, wewe na wenzako na baiskeli zenu, nami nimekaa kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Kijenge sina raha hata kidogo. Nimekupigia mara sita, hupatikani. Najua kule milimani mtandao ni wa kubahatisha, lakini moyo hausikii hayo.

Nikuambie kinachonisumbua. Asubuhi nimefagia chini ya benchi nikaokota nati ndogo. Tangu nilipoifungua baiskeli yako yote na kuifunga upya kwa ajili ya safari hii, sijagusa baiskeli nyingine. Na saizi yake, mwanangu, ni ya breki ya mbele.

Unaikumbuka siku tuliyokwenda kijijini Ng'iresi? Ulikuwa darasa la sita. Tulipanda tukisukuma baiskeli, Mlima Meru umejifunika mawingu, wewe unalalamika kila kona. Wabeba ndizi wakatupita wakiteremka kwa baiskeli na mikungu yao, wanapunguza mwendo kwa kukandamiza gurudumu kwa makatambuga, viatu vyao vya matairi. Ukashangaa: "Baba, hao breki zao ziko wapi?" Nikakujibu kwa maringo, "Hao hawana fundi. Wewe unaye."

Tuliporudi uliteremka mbele yangu ukipiga kelele za furaha, mimi nyuma nimebana meno. Ulipofika chini ukataka turudie. Nikakataa, nikasingizia njaa.

Maneno yale ya maringo leo yananisuta. Kuna jambo sijamwambia mtu, hata mama yako: macho yangu yamechoka. Nati ndogo nazifunga kwa kupapasa, na wateja nawaambia eti mkono wa fundi unaona wenyewe. Uongo mtupu. Ningeweza kukuambia, "Peleka baiskeli kwa fundi mwingine." Niliona aibu. Kwa sababu ya aibu yangu nimekuacha uende kwenye miteremko ile mikali, na kama kuna baya limekupata, ni mimi.

Nilikuwa nimeandika hadi hapo simu ikaita.

"Shikamoo baba. Tumefika Mombo, tunakula mahindi hapa."

Nimeitikia marahaba kwa sauti ambayo mwenyewe sikuitambua. Sikukuuliza habari za njia wala za wenzako, nimeuliza breki tu. Ukacheka kidogo.

"Ya mbele ilikosa nati. Niliiona jioni ileile nikaweka nyingine. Usiwe na wasiwasi baba, mimi huwa nakagua kila ukimaliza."

Kila nikimaliza. Nimemshukuru Mungu, kisha nimelia, na jirani yangu muuza mkaa nimemwambia ni vumbi. Kumbe ulikuwa unajua. Ulikuwa unasubiri niingie ndani, unachukua spana, unapitia kazi ya baba yako, halafu mezani unanisifu kwamba baiskeli imekaa vizuri. Nimeshindwa kukuuliza ni tangu lini.

Nenda salama hadi Tanga, na jioni unipigie hata kama umechoka. Mimi kesho nitakwenda kupimwa macho. Mama yako nitamwambia leo. Na mteja yeyote atakayeniletea breki, nitamwambia asubiri, fundi yuko safarini.

Ni mimi baba yako, niliyedhani nimekuficha macho yangu mabovu.