Uchaguzi wa Mwalimu Eustakia

Kaniha,
Biharamulo.
8 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Ndassa,

U hali gani huko Songea? Wifi Priscila na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila mama magoti yanamsumbua, na ukimwambia apumzike anakujibu kwamba jembe halijui magoti. Mahindi mwaka huu yamekubali.

Sasa kaa kitako. Chama chetu cha ushirika kimeunda chombo huru cha kupambana na rushwa, kisichokuwa chini ya viongozi wa chama. Jumamosi ya tarehe 31 Mei wanachama tulimchagua mkuu wake. Waliogombea ni wawili: Faustini wa mashine ya kusaga, ambaye ni shemeji yake mwenyekiti wa chama, na mwalimu Eustakia aliyekufundisha darasa la saba.

Kila mgombea alisimama mbele, na mwenye neno juu yake alisema hapohapo. Zamu ya Eustakia ilipofika, mtu akainuka akasema huyu ni mbaguzi, alimnyima Ndassa ufadhili wa sekondari kwa kuwa ni mtoto wa Kisukuma. Watu wakaguna. Nikaona kura zinamhama.

Ndassa, uongo ule ni wangu. Nafasi ilikuwa moja, na ilikuwa ya yatima. Mimi nilimpelekea mwalimu beberu ili akuandike wewe. Alimrudisha mwenyewe, akimswaga kwa fimbo mpaka zizini kwetu, wala hakunitangaza kwa mtu. Kwa aibu nikawaambia nyumbani kwamba Wahangaza, watu wa kabila lake, hawatupendi sisi Wasukuma, na maneno yakaenea.

Basi nikasimama, nikayasema yote, wakwe zangu wakisikia. Mzee mmoja akaniuliza kama sioni haya. Nikamjibu naziona, ndiyo maana nimesimama.

Eustakia alipata kura mia mbili na kumi, Faustini tisini. Jumatatu asubuhi alikuwa ghalani, anakagua mizani. Kwa kweli nina matumaini, mdogo wangu. Mambo huku yatanyooka.

Mama anawasalimu, na shangazi Limi pia. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Uliondoka hapa na kinyongo nilichokupa mimi, ukaapa hutampa mwalimu yule shikamoo tena. Ukija Desemba, anzia kwake umwamkie. Mimi nitangoja nyumbani, uniambie lolote utakalo.

Dada yako akupendaye, anayekuomba radhi,
Christina