Mswada wa Armand

Kelby, Vermont
16 Januari 2018

Kwako Armand,

Salamu. Mimi mzima, mama anakohoa lakini anakula. Umenikatia simu mara mbili, ndiyo maana naandika.

Mswada wako wa sheria huko bungeni nimeusoma wote. Leo kila mji una kura moja kwenye bodi ya mipango ya kanda. Wewe unataka kura zifuate idadi ya watu, na jimbo liache kuigharamia ofisi ya bodi: miji ichange yenyewe, usiochanga upoteze kiti. Kelby tuko watu mia nne, Stanhope unakoishi siku hizi elfu kumi na moja. Mto ukibomoa tena daraja letu, nani atatusemea? Na sisi tulikupigia kura.

Miaka kumi na tisa nafanya kazi katika ofisi hiyo. Ungeniuliza, hata kwa adabu tu.

Dada yako,
Delphine

Montpelier
2 Februari

Dada,

Pole na mama. Sisi wazima, asante kwa kutouliza.

Tuseme kweli: hulilii daraja, unalilia mshahara. Watu mia nne kuwa sawa na elfu kumi na moja si haki, ni mazoea. Na usije kusema mbele ya kamati ya bunge. Utajiaibisha.

Mdogo wako,
Armand

Kelby
8 Machi

Armand,

Natumai hujambo. Nilikuja, uliniona. Ukamwambia mwenyekiti, "Mama huyu ana dakika mbili," kana kwamba hatukunyonya titi moja. Nilizitumia zote.

Juzi kwenye mkutano wa mji mzee Whitcomb aliuliza, "Huyo Armand si mtoto wa hapa?" Mama akasimama: "Nilimzaa hapa. Mengine muulizeni mwenyewe." Hakuna aliyecheka.

Dada yako,
Delphine

Montpelier
12 Mei

Dada,

Msalimie mama. Mswada umepita kwa tofauti ya kura tatu. Ofisi yenu itapunguza watu Julai, na nasikia jina lako limo. Sikulipeleka mimi, ila sitalilia. Uchaguzi wa mwaka huu sina mpinzani, kwa hiyo nitapata nafasi ya kuja kuwaona.

Mdogo wako,
Armand

Kelby
29 Mei

Armand,

Tuko salama. Usije.

Leo nimepeleka fomu kwa karani wa mji: nagombea kiti chako. Sahihi za wadhamini zilitimia kwa siku mbili, nyingine za mtaani kwako. Kumbe hata Stanhope wapo wanaoishi kando ya mto.

Mama nilimwambia si lazima asaini, wewe ni mwanawe. Akasema, "Nipe kalamu."

Dada yako,
Delphine