Kifua Kilichonyamaza

Mwenzangu, nimejifungia stoo ya dawa.

Wameleta mtoto wa chekechea, pumu imembana, kifua kinalia filimbi mpaka mlangoni unaisikia. Nikamvalisha barakoa ya dawa ya mvuke. Baadaye kidogo filimbi ikakata.

Mimi huyo nikamgeukia mama yake, tena na tabasamu: "Umeona mama, ametulia." Nani alinituma kufungua mdomo?

Akanishukuru huku analia, akatoka kumpigia mumewe.

Daktari akaja, akamsikiliza kifua kushoto, kulia. Akaniangalia. "Sista, huyu hajatulia. Hewa haiingii, ndiyo maana hakuna sauti."

Midomo ya mtoto ilishakuwa kama majivu. Nilikuwa nasikiliza filimbi tu, usoni sikumtazama. Ametulia, eti. Miaka yote hii kazini.

Sasa wamemtia mpira kooni, mashine ndiyo inampumulia. Hatujui kama atatoka hai.

Na hapa nyuma ya ukuta namsikia mama yake kwenye simu: "Baba watoto, usikimbize gari. Nesi mwenyewe kasema ametulia."

Daktari ameniambia niende mimi nikamwambie.