Sarafu ya Miaka Ishirini ya Uhuru

Iringa, Ijumaa

Kaka Junaid,

Shikamoo. Huku hatujambo, mahindi yamekauka vizuri. Huko Makongolosi vumbi limepungua?

Kaka, nimeboronga. Siku ya kuamkia Idi nilizisugua sarafu za Baba za kumbukumbu kwa majivu na limau, zikang'aa. Kumbe wanaokusanya sarafu hawazisafishi kabisa, thamani inapotea! Ile anayoipenda kuliko zote, ya miaka ishirini ya uhuru, aliyopewa na marehemu Mama kama chenji ya maandazi siku walipojuana, aliigeuzageuza akasema, "Hii si yangu. Yangu nyeusi." Nililia, nikajua nimeiharibu.

Lakini jana aliifurahia, akasimulia tena habari ya Mama na yale maandazi. Sasa sielewi. Kosa ni la limau langu, au kuna jingine? Njoo umwone mwenyewe. Maana alipomaliza kusimulia aliniwekea sarafu kiganjani, akaniambia kwa upole, "Dada, nitunzie hii. Amna akirudi, umpe."

Nikamwambia nitampa.

Mdogo wako,
Amna